Dungusi ya Usambara Barazani

Ukitaja dungusi, watu wengi wa pwani hufikiri mpungate. Mpungate unajulikana. Una mabapa mazito ya kijani yaliyojaa miiba, nao huota nyuma ya nyumba au kando ya njia ya kwenda ufukweni. Ukiugusa, miiba yake midogo kama vumbi hukukaa vidoleni siku mbili tatu. Kwa hiyo nikimwambia mgeni kwamba mmea huu ulioning'inia juu ya kichwa chake hapa barazani ni dungusi, kwanza huinama. Halafu hutazama juu akauliza, "Mbona haina miiba?"

Kweli haina. Dungusi hii ni nyuzi za kijani tupu. Kila uzi una unene wa chelewa mbili zilizofungwa pamoja, nao huteremka na kugawanyika, halafu kugawanyika tena, mpaka mmea mzima unafanana na nywele za mtu aliyetoka kuoga. Haina majani hata moja. Kazi ya majani hufanywa na nyuzi hizo za kijani. Ikifika wakati wake hutoa maua meupe kando ya nyuzi, madogo sana, kama punje ya mchele iliyopasuka na kufunuka. Baada ya ua huja tunda. Tunda ni la mviringo, jeupe, linang'aa kama ushanga wa kioo, na ukilitazama kwenye jua utaona mbegu nyeusi ndani yake.

Nimeamua kukuandikia habari za mmea huu kwa sababu kwao ni hapa hapa Mkoa wa Tanga. Huota katika misitu ya Usambara Mashariki, juu kule Amani, wilaya ya Muheza. Lakini watu wa Tanga mjini, Pangani na Mkinga huupita kama mgeni. Wengine huukata wakidhani ni adui. Nitakueleza kwa nini hudhani hivyo.

Kwanza tuujue ukoo wake. Dungusi ni ukoo mkubwa, wenye aina zaidi ya 1,500. Karibu zote asili yake ni Amerika, kuanzia Kanada mpaka kusini kabisa ya Argentina. Mpungate ulitoka huko. Ulivushwa bahari baada ya mwaka 1492, wakati wazungu walipoanza kusafiri kwenda na kurudi Amerika. Ndivyo yalivyokuja pia mahindi, muhogo, mananasi na korosho. Mkonge nao ni wa huko huko, ingawa si wa ukoo wa dungusi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika Pangani ilikuwa hai miche 62 tu. Miche hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya Tanga.

Sasa, katika aina zote hizo za dungusi, ni moja tu inayojiotea yenyewe katika misitu ya Afrika. Ni hii yetu. Wataalamu huiita Rhipsalis baccifera. Jina la kwanza, Rhipsalis, alilitoa Mjerumani Joseph Gaertner mwaka 1788. Alilichukua katika neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kilichosukwa kwa matete au vijiti. Bila shaka alitazama nyuzi zake akakumbuka kikapu. Mwanamke wa Tanga angekumbuka ukindu.

Dungusi hii inaota pia Madagaska, Morisi, Shelisheli na Sri Lanka, na huko Amerika yenyewe ni nyingi. Ilivukaje bahari? Wapo wataalamu wanaosema mabaharia waliibeba, kwa kuwa inaweza kukaa muda mrefu bila maji. Wapo wanaosema ni ndege, maana ndege hulipenda lile tunda, na mbegu yake inanata kama gundi. Tena dungusi za Afrika na Madagaska zina tofauti kidogo na zile za Amerika, jambo linalowafanya wengine waamini kwamba zimekaa huku muda mrefu sana. Mimi namwamini ndege. Baharia gani angepanda mlima wa Amani kupachika mmea juu ya tawi lililo meta thelathini kutoka chini?

Maana huko ndiko inakokaa. Haioti ardhini. Inakaa juu ya matawi ya miti mikubwa, pale penye manyoya ya kijani na majani yaliyooza katika panda za matawi. Mizizi yake inashika gome tu. Maji inapata kwenye mvua na ukungu. Amani iko kiasi cha meta 900 juu ya usawa wa bahari, na ukungu huko ni jambo la kila mara.

Nyumbani kwetu ililetwa na mjomba wangu. Katika miaka ya 1970 alikuwa mpakiaji wa magogo huko Usambara Mashariki. Wakati ule miti mikubwa mingi ilikuwa ikiangushwa. Gogo lilikwenda kiwandani, na matawi yaliachwa yakaoza. Mjomba alituambia kwamba mti ukishaanguka, siku ya pili unaona nyasi za angani zimelala matopeni: okidi, jimbi, na hizi nyuzi. Hakujua jina lake. Alichukua tawi moja lililovunjika, pamoja na mmea wake, akalifunga kwa kamba juu ya mzigo wa iliki. Shangazi yangu, mkewe, alilitundika kwenye mwembe. Alitaka ndizi, akaletewa kuni lenye ndevu, ndivyo alivyokuwa akisema. Lakini ndiye aliyeitunza. Mwembe ulianguka kwa upepo, shangazi akafa, mjomba akafa, na nyuzi zile zinaendelea. Zangu zilitoka kwenye zile.

Nirudi kwenye ule uadui niliosema. Unatokana na mimea miwili ambayo si dungusi.

Mmea wa kwanza ni mnyaa. Wengine huuita mnyara. Watu husema hata jina la Manyara lilitokana na mmea huo kwa lugha ya Kimaasai. Mnyaa ni mti wa ua. Una vijiti vya kijani, mviringo, visivyo na majani ya kuonekana, kwa hiyo mtu asiyetazama vizuri huona mnyaa na dungusi yangu ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo. Ukivunja kijiti cha mnyaa, unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ni sumu. Ukigusa ngozi unaweza kuiunguza. Ukiingia jichoni ni hatari kubwa.

Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa jirani alikuwa akicheza kwenye ua wa mnyaa. Wenzake walikuwa wakipigana kwa vijiti. Tone likamwingia jicho la kulia. Alilia kilio ambacho mtaa mzima ulitoka nje. Bibi mmoja akaja na mafuta ya nazi, mwingine akasema akamuliwe maziwa ya mama anayenyonyesha. Mama mmoja aliyewahi kuona mkasa kama huo hakungoja. Alimlaza mtoto kichwa ubavu, jicho lililoumia likiwa upande wa chini, akamfungua kope kwa vidole, na sisi wengine tukamwaga maji safi, kata kwa kata, polepole, kwa muda wa robo saa na zaidi. Mtoto alipiga mateke. Hakumwachia. Kisha tukampeleka hospitali. Usiku ule jicho lilivimba kama embe changa na wazazi wake hawakulala. Baada ya matibabu aliona tena.

Ndugu msomaji, shika jambo hilo. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, dawa ya kwanza ni maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha hospitali siku ile ile. Usitie mafuta. Usitie maziwa ya namna yoyote. Usimwache mtoto asugue jicho.

Asubuhi yake baba wa mtoto alikuja kwangu na panga. Alikuwa na haki ya hasira yake.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Nimekuja kukata na huo wako."

"Marahaba. Kaa kwanza. Nionyeshe maziwa yake, halafu ukate."

Nilimpa uzi mmoja wa dungusi akauvunja. Ulitoka ute kidogo usio na rangi, kama maji ya bamia. Akavunja wa pili, akauminya. Maziwa hayakuwapo. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama nina panga la pili nikamsaidie kukata mnyaa. Tulikata ua wote siku hiyo, tumefunga vitambaa usoni na mikono imefunikwa, na vijiti tukavizika. Hatukuvichoma, kwa sababu moshi wake nao huwasha macho.

Kwa hiyo ukitaka kuzitofautisha, tazama maziwa. Mimea ya jamii ya mnyaa ina maziwa meupe. Mmojawapo ni ule mdogo wenye miiba mirefu na maua mekundu ambao watu wengi wanaupanda kwenye makopo mbele ya nyumba. Asili yake ni Madagaska, na wauzaji wengine huuita dungusi. Una maziwa, kwa hiyo si dungusi. Sisemi uutupe. Maua yake ni mazuri na yanadumu. Uweke tu mahali ambapo mtoto hafiki, na ukiupogoa usijiguse macho.

Mmea wa pili unaoiponza dungusi ni kirukia. Huu wakulima wa machungwa wa Muheza wanaujua sana. Kirukia ni mmea unaoota juu ya tawi la mti mwingine. Una majani yake mabichi, na mara nyingi una maua mekundu au ya rangi ya chungwa. Mizizi yake hutoboa gome, ikaingia ndani ya mti na kunyonya maji na chakula chake. Tawi hudhoofika, kisha hukauka. Kirukia ni lazima kukatwa. Tena kukata majani yake hakutoshi, maana huchipua tena. Kata tawi lenyewe, chini ya mahali kilipojishika, na ukate kabla matunda yake hayajaiva. Ndege hula matunda hayo pia, na mbegu zake nazo zinanata.

Dungusi haifanyi hivyo. Inakaa juu ya mti kama ndege anavyokaa. Ukivuta mizizi yake polepole hubanduka pamoja na uchafu wa gome, na chini yake gome ni zima. Mti hauibiwi kitu. Bwana Shamba mmoja aliyenitembelea aliijaribu kwa kisu kidogo, akachokonoa chini ya mizizi, akakubali.

Basi, tuseme umepata kipande. Utakipandaje?

Kipande kizuri ni cha urefu wa kiganja chako pamoja na vidole. Kikate mahali penye kiungo, yaani pale uzi mmoja unapoungana na mwingine. Usikipande siku hiyo. Kiache kivulini, juu ya gazeti, siku mbili au tatu mpaka kidonda kikauke. Watu wa bustani ya mboga huona ajabu hapo, maana matembele huyapanda yakiwa mabichi. Dungusi ikipandwa na kidonda kibichi huoza.

Chombo chake ni kifuu cha nazi, au kopo, au dumu la plastiki lililokatwa nusu. Lazima kiwe na matundu chini. Narudia, matundu chini. Mimi napenda kifuu, kwa sababu hakinunuliwi na kinapendeza.

Udongo wa shamba haufai. Ni mzito, na mizizi ya dungusi imezoea hewa. Hapa sisi watu wa pwani tumebahatika, maana tuna makumbi ya nazi. Chukua kumbi lililokauka, lichambue, ulikatekate vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Changanya na majani yaliyooza vizuri ya chini ya mwembe, na vipande vidogo vya mkaa. Makumbi yawe sehemu kubwa kuliko vingine. Ukiwa na mchanga wa mtoni, ongeza kidogo.

Lakini hapo pana mtego. Makumbi ya kutengenezea usumba na kamba hufukiwa pwani, kwenye maji ya bahari, kwa miezi. Hayo usiyatumie, yamejaa chumvi. Hata kumbi la kawaida huwa na chumvi kidogo. Liloweke kwenye maji baridi usiku kucha, uyamwage, uloweke tena. Mchanga wa ufukweni usitumie kabisa. Na maji ya visima vya karibu na bahari yaonje kwanza. Yakiwa na ladha ya chumvi, kunywesha dungusi ni kuiua polepole: ncha za nyuzi hugeuka kahawia, watu husema imelogwa. Maji ya mvua ndiyo bora. Kinga kwenye ndoo yenye kifuniko.

Chomeka kipande kiasi cha pingili mbili za kidole. Vipande vitatu au vinne katika kifuu kimoja vitapendeza zaidi. Nyunyiza maji kidogo tu. Baada ya wiki tatu mpaka sita ukikivuta taratibu utaona kimeshika.

Kitundike mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali. Chini ya upenu panafaa. Chini ya mwembe panafaa zaidi. Jua la asubuhi haliidhuru, ila jua la saa saba la mwezi wa pili huigeuza rangi ikawa nyekundu na kusinyaa. Kumbuka kwao ni msituni. Watu wakisikia dungusi huifikiria jangwani na kuianika juani kama samaki.

Kuhusu maji, kidole ndicho kipimo. Kiingize kwenye makumbi. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Pakiwa na ubichi, iache. Wakati wa kaskazi kwangu ni kama mara mbili au tatu kwa wiki. Wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, mara nyingi simwagilii kabisa, na mvua ikizidi siku nyingi navisogeza vifuu ndani ya upenu. Mbolea haihitaji sana. Majani yaliyooza yakiongezwa mara moja kwa mwaka yanatosha.

Usiweke sahani chini ya chombo. Hili si jambo la urembo. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga mayai katika maji kidogo yaliyotuama karibu na nyumba, kama vile sahani za maua, makopo na matairi. Mwaka 2019 dengi ilizuka Dar es Salaam, na Tanga nayo ikapata wagonjwa wengi. Mbu huyo huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakimzuii. Mayai yake hushika ukutani mwa chombo, nayo yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja maji. Kama una sahani usiyotaka kuitupa, imwage kila wiki na uisugue kwa brashi. Mimi nilizitupa zote. Kifuu kinachoning'inia hudondosha maji chini, ardhi ikayanywa.

Magonjwa yake si mengi. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye viungo, hao ni wadudu wanaonyonya utomvu. Maafisa kilimo huwaita vidung'ata. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, urudie baada ya wiki. Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye kamba, jua vidung'ata wapo au wako njiani, kwa sababu sisimizi huwalinda ili walambe utamu wao. Ukiona uzi umekuwa mweusi na laini kuanzia chini, umeoza kwa maji mengi. Kata juu, mahali palipo pazima, kausha, panda upya. Shina la chini litupe.

Sasa jambo zito zaidi. Usiende msituni kuing'oa.

Msitu wa Amani ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997. Kuchukua mmea humo bila ruhusa ni kosa. Tena ukoo wa dungusi umo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979. Kuvusha mpaka dungusi ya porini bila kibali ni kosa pia. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, hesabu yenyewe inakataza. Msitu wa Usambara Mashariki ulishapunguzwa kwa magogo, kwa mashamba ya chai, na kwa iliki iliyopandwa chini ya miti. Mti mmoja mkubwa wenye nyuzi hizi ulichukua miaka mingi kuzipata. Kipande kimoja cha mtu mwenye mmea nyumbani kinatosha kijiji kizima, maana kila baada ya mwaka mmoja au miwili unaweza kugawa.

Nitakupa mfano wa ua jingine la huko huko. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1890, Mjerumani aliyetawala sehemu hizi, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau kwenye miamba ya Usambara. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliliita Saintpaulia kwa heshima yao. Leo ua hilo huuzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani, likiwa kwenye vyungu vidogo, kwa rangi za kila namna. Porini Usambara aina zake kadhaa zimebaki mahali pachache tu. Ukiingia nyumba nyingi za Tanga utakuta mezani maua ya plastiki. Mimi sina ugomvi na plastiki, ila inashangaza.

Dungusi yako ikishakaa mwaka mmoja na nusu hivi, ngoja maua. Hupenda kuchanua baada ya kipindi cha ukavu, kwa hiyo usiisogezesogeze na usiizidishie maji wakati huo. Maua hayana harufu ya kukuita. Itakubidi uikaribie. Matunda hukaa muda mrefu yakiwa meupe, ndege wasipoyaona. Chozi na kurumbiza huja barazani kwangu bila woga.

Ukitaka kujaribu mbegu, minya tunda moja juu ya kipande cha gome lenye mikwaruzo na ukiweke kivulini penye unyevu. Kunyunyiza kila siku kunahitajika, na uvumilivu. Vimche vinavyotoka ni vidogo sana, na hapo utaona jambo la kuchekesha: vina vinywele vidogo vilivyosimama pande zote, kama miiba. Vikikua vinywele hupukutika. Utotoni dungusi hii hukumbuka ukoo wake.

Kumpelekea ndugu aliye mbali ni rahisi. Kata vipande vitano sita, viache vikauke siku tatu, vizungushie karatasi ya gazeti kavu, kisha viweke katika boksi lenye matundu. Usitie maji na usitumie mfuko wa plastiki, vitaoza kabla ya kufika Korogwe. Vikiwa vikavu vitakaa wiki mbili bila kudhurika. Mwezi uliopita nilimpa kondakta wa basi boksi kama hilo alipelekee Handeni kwa binti ya mjomba. Aliniuliza ndani mna nini. Nilipomjibu dungusi, alilishika kwa ncha za vidole.

"Haina miiba," nikamwambia. "Fungua utazame."